Kujitolea kunashusha presha?

SWALI: Daktari, baada ya salamu. Babangu ana miaka 64, alistaafu bandarini, na tunaishi Likoni. Anameza vidonge vya presha. Tangu mamangu afariki amekuwa mtu wa kushinda ndani. Sasa wenzake wa msikitini wamemvuta katika kikundi kinachopanda mikoko na kusomesha watoto jioni. Mmoja wao kamwambia kazi ya kujitolea inashusha presha, dawa hana haja nazo tena. Ni kweli?

JIBU: Mwanangu, pole kwa msiba wa mama. Nianze na la haraka: vidonge asiviache.

Huyo rafiki hakulitunga neno lake. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 1,100 waliovuka miaka 50. Waliojitolea saa 200 au zaidi kwa mwaka walikuwa na uwezekano mdogo, kwa asilimia 40, wa kupata presha miaka 4 baadaye. Lakini wale walianza presha zao zikiwa sawa. Babako anayo tayari, kwa hiyo utafiti ule haumsemi yeye. Tena mwaka 2020 ukatoka mwingine, wa Wamarekani karibu 13,000 wa rika hilohilo. Huo ulitafuta kama kujitolea kunahusiana na presha, kisukari au kiharusi, na haukuona kitu.

Ulichokiona ni hiki: waliojitolea angalau saa 100 kwa mwaka, yaani kama saa 2 kwa wiki, walifariki wachache zaidi katika miaka 4 iliyofuata, viungo vyao vilibaki na nguvu, na upweke na kukata tamaa vilikuwa vidogo kwao. Utaniuliza, je, si kwamba wenye afya ndio wanaojitolea? Mgonjwa wa kitandani hapandi mikoko. Ni swali la haki, na watafiti hujitahidi kuipima afya ya mtu kabla hajaanza, ila hawawezi kuliondoa shaka lote. Ndiyo maana napenda jaribio moja dogo la Vancouver, Kanada. Wanafunzi 106 wa sekondari waligawanywa kwa kura. Nusu walikwenda kusaidia watoto wa shule ya msingi kila wiki kwa wiki 10, nusu wakangoja zamu yao. Waliokwenda walipungua kolesteroli na unene. Hao ni vijana, si wazee, lakini kura haichagui mwenye afya.

Kwangu mimi, ulilolitaja lenye uzito kuliko presha ni huko kushinda ndani. Mtu anayejua kwamba saa kumi kuna watoto wanamngoja na vitabu vyao, huoga, hunyoa, hutoka, hutembea, na akikosa siku mbili huulizwa yuko wapi. Hilo mimi siwezi kumwandikia kwenye cheti cha dawa. Mwache aende.

Aende kwa mpango, lakini. Apimwe presha kabla ya kuanza. Kuzama kwenye tope la mikoko maji yakipwa, jua la utosi, ni kazi nzito. Aanze kitaluni kwenye kivuli, kujaza udongo na kuatika mbegu. Kama miongoni mwa vidonge vyake kimo cha kumkojoza, achukue maji ya kunywa, na akihisi kizunguzungu anapoinuka akae chini na asiendelee siku hiyo. Saa 2 kwa wiki zamtosha kwa mwanzo. Kikundi kikianza kumwita kila siku kwa sababu hajui kukataa, msaidie wewe kukataa. Baada ya miezi kadhaa presha ikionekana kushuka, anayempa dawa ndiye atakayepunguza, si rafiki wala yeye mwenyewe.

Na akiwa ameshaanza kutoka, wiki kadhaa zikapita bado hali chakula vizuri, halali usingizi, au anasema hana haja ya kuishi, mlete kliniki. Na hilo la kutotaka kuishi usilingojee wiki, mlete siku hiyohiyo.