Kikapu na Wasomaji: Mbwembwe za uwanjani ziishie wapi?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni kitu kimoja, mbwembwe na tambo za wachezaji wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Nimechukua nne. Wengine msinune, zamu yenu inakuja.

SWALI: Habari za kazi kaka. Marehemu Dikembe Mutombo alikuwa akimzuia mtu anamtikisia kidole, NBA ikamkataza. Leo Stephen Curry akifunga anaweka viganja shavuni kama mtu aliyelala, yaani mechi imeisha nendeni mkalale, na hakuna anayemgusa. Huu si upendeleo? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hapana, si upendeleo, ila naelewa kwa nini inaonekana hivyo, kwa sababu watu wengi wanadhani kidole chenyewe ndo kilipigwa marufuku. Twende taratibu. Mutombo, mtoto wa Kinshasa, aliingia NBA mwaka 1991 na Denver, na kazi yake kubwa ilikuwa kulinda goli, mtu anapaa na mpira wake anajua anafunga, mkono mrefu unatokea, mpira unarudi ulikotoka, alafu jamaa anasimama pale anatikisa kidole kushoto kulia, kama kusema kwangu hupiti. Watu walipenda mno! Mwaka 1994 Denver waliingia mchujo wa kusaka bingwa wakiwa namba 8 wa kanda yao, wakapangwa na Seattle waliokuwa namba 1 na ushindi 63 msimu ule, wakapigwa mechi mbili za kwanza, na anayesonga mbele ni anayewahi kushinda mechi tatu. Wakarudi wakashinda zote tatu zilizobaki, haijawahi kutokea kabla ya hapo namba 8 kumtoa namba 1, na Mutombo peke yake alizuia mipira 31 kwenye mechi hizo tano. Ile picha yake amelala chini ameshika mpira juu ya kichwa anacheka kwa furaha, ukiitafuta utaiona mara moja.

Sasa shida ilikuwa kidole kinaelekea wapi. Alikuwa anamtikisia mtu usoni, yule aliyezuiwa sekunde hiyo hiyo, ana hasira na jasho linamtoka. Hapo ngumi haiko mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1990 NBA ikasema ukimfanyia mpinzani moja kwa moja ni kumkejeli, unapigwa faulo ya teknikali, yaani ya utovu wa nidhamu, mpinzani anapata mtupo mmoja wa bure. Mutombo alifanya nini? Aligeuka akaanza kuwatikisia mashabiki! Kidole kile kile, furaha ile ile, na marefa wakamwacha. Aliendelea hivyo mpaka alipostaafu 2009 akiwa amezuia mipira 3,289, wa pili katika historia ya NBA nyuma ya Hakeem Olajuwon. Alipofariki Septemba 2024 watu dunia nzima walimkumbuka kwa kidole, na pia kwa hospitali aliyowajengea watu wa Kinshasa akaipa jina la mama yake, na kwangu hilo la pili ndo kubwa zaidi.

Rudi kwa Curry. Angalia vizuri anapolala anamwangalia nani. Fainali ya Olimpiki Paris 2024, Wafaransa wako nyumbani kwao, wamekaribia kabisa, Curry akapiga pointi tatu mara nne ndani ya dakika tatu za mwisho, Marekani wakashinda 98 kwa 87, na akawalaza. Aliulaza uwanja mzima, hakumfuata mchezaji yeyote wa Ufaransa kumwekea viganja puani. Wafaransa waliumia ndio, ila hakuna aliyedhalilishwa yeye kama yeye, na hiyo kwangu ni tofauti kubwa sana.

SWALI: Shikamoo. Niko kidato cha tatu, nacheza kikapu nafasi ya gadi. Nimeona klipu ya Allen Iverson anamruka mtu aliyeanguka. Ile ilikuwa halali? Wenzangu wanasema ni tukio zuri kuliko yote, mimi nilimwonea huruma aliyeanguka. – Msomaji wa kike, Kisumu

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huruma yako iko mahali pake kabisa, usiionee aibu. Ilikuwa mechi ya kwanza ya fainali za 2001, Philadelphia ya Iverson dhidi ya Lakers ya Lue, Lakers walikuwa hawajapoteza hata mechi moja kwenye mchujo mzima, wameshinda 11 mfululizo, kila mtu anasema wanamaliza wiki hiyo. Mechi ikaenda muda wa nyongeza. Iverson akamvuruga Tyronn Lue pale kona karibu na benchi la Lakers, akapiga, ukaingia, Lue akaanguka, na Iverson akainua mguu akamvuka huku anamtazama chini. Alimaliza na pointi 48, Philadelphia wakashinda 107 kwa 101. (Mutombo naye alikuwa timu hiyo hiyo ya Iverson!) Refa hakupuliza kitu.

Mimi nasema ilikuwa dharau. Najua mashabiki wa Iverson watanijia juu lakini kumvuka mtu aliyelala huku unamtazama, hakuna namna nyingine ya kuisoma, na refa angepuliza nisingemlaumu. Ila nakuomba ufuatilie mambo ya Lue baada ya pale. Lakers walishinda mechi nne zilizofuata wakachukua kombe, naye ana pete ya ubingwa. Baadaye akawa kocha, 2016 akaipa Cleveland ubingwa wao wa kwanza kabisa. Hakuishi maisha yake akiwa yule mtu wa chini kwenye klipu. Wewe ni gadi, kuna siku utaangushwa na watu watarekodi, inuka ukimbie ukakabe mpira unaofuata.

SWALI: Hela za faini zinaenda wapi, na kubwa kwa mbwembwe ni ipi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Zinaenda kwenye shughuli za hisani. LeBron James alitozwa dola 15,000 mwaka 2021 kwa ishara chafu uwanjani, na Ja Morant dola 75,000 Aprili 2025 kwa kuonyesha ishara ya bunduki baada ya kuambiwa aache. Kubwa kuliko zote sitakutajia, ila hiyo ya Morant naiunga mkono kwa moyo wote, watoto wanaiga kila kitu. Na ukifikisha teknikali 16 msimu mmoja unakosa mechi moja.

SWALI: Kaka, nafundisha vijana chini ya miaka 16. Nina mtoto mmoja mzuri sana, lakini akifunga anashangilia mpaka tunafungwa sisi. Nimkataze? – Mwalimu, Mwanza

JIBU: Usimkataze mwalimu wangu, utamuua furaha na kipaji chake vyote. Mfundishe wakati. Mwonyeshe Tyrese Haliburton, Mei 2025, Indiana ugenini kwa Knicks wa New York pale Madison Square Garden, anapiga mpira wa mwisho, unaruka juu sana unarudi unaingia, akakimbia anajishika koo, yaani wapinzani wamekabwa na presha, kama Reggie Miller alivyofanya uwanja huo huo 1994, anadhani ni pointi tatu na mechi imeisha. Mguu ulikuwa umekanyaga mstari! Ilikuwa mbili, mechi sare 125, dakika tano zaidi za kucheza. Bahati yao Indiana walitulia wakashinda 138 kwa 135, lakini hebu fikiria wangepoteza. Na mkumbushe kwamba kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, mnazochezea huko, kumkejeli mpinzani ni teknikali na inahesabika kwenye faulo zake tano, mbili za hivyo anatoka nje.

Mazoezini fanya hivi: akifunga tu, timu ya pili inautoa mpira chini ya goli hapo hapo bila kusubiri na wote watano wanakimbia, wakifunga kabla hajavuka mstari wa kati kikapu chao kinahesabiwa mara mbili. Wenzake watamrudisha nyuma wenyewe kwa kelele. Tambo aziweke pale refa anaposimamisha mchezo au kocha anapoomba muda, hapo acheze anavyotaka, mradi ageukie benchi lake. Jaribu mwezi mmoja alafu niandikie imekuwaje.