Jibu: Wenzangu wanasema "iko poa" tu

Ndugu, umeuliza ufanyeje wenzako wa Nakuru waache kukujibu "iko poa" kila ukiwaonyesha mchezo wa kuigiza wa mezani uliouandika mwenyewe (ule ambao wachezaji hujifanya wahusika wa kisa, na dadu huamua wakifaulu au la). Usiwape karatasi wasome. Mpe mmoja auchezeshe, yaani awaongoze wengine kwenye kisa, wewe ukae pembeni na daftari, kimya kabisa (hapo ndipo penye kazi).

Mimi hapa Kisumu niliandika kisa cha hazina iliyofichwa Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya huku kwetu. Kidokezo pekee cha kuingia kilitaka mtu arushe dadu ya pande 20 apate 15 kwenda juu. Wachezaji wanne, wote wakakosa. Ningepiga hesabu mapema ningeona: nafasi ya wote wanne kukosa ni karibu robo nzima! Walizunguka yale mawe hadi mmoja akaanza kunimalizia omena. Sasa naweka vidokezo vitatu, na kimoja hakihitaji dadu.

Baadaye uliza "ulichoka wapi?", si "umeonaje?" Wakikuambia, usijitetee. Dawa wanayopendekeza waweza kuitupa, ila wakisema walichoka, basi walichoka.

Nitumie chako. Jumamosi tutakicheza bila kukuuliza chochote.