Maswali ya Wasomaji: Je, Sam Alimsaliti Kaka Yake?

SWALI: Nimeifuatilia tamthilia ya Supernatural, ya ndugu wawili wanaowinda mashetani, tangu msimu wa kwanza, na sasa nimefika msimu wa tisa nikakwama. Dean alihangaika kwa kila njia ili mdogo wake asife, halafu Sam anamwambia ana kwa ana kwamba kama ingekuwa zamu yake, yeye asingefanya hivyo. Tangu hapo sina hamu ya kuendelea. Ndugu gani humtamkia kaka yake neno kama hilo? Hata ukinieleza yaliyo mbele sitachukia, mradi uniambie kama Sam alimsaliti.

JIBU: Ndugu msomaji, nimeirudia sehemu hiyo kabla ya kukujibu, na neno lile linauma hata kwa mtu anayejua kwamba linakuja. Ilirushwa Februari 2014. Ndugu hao wawili wako jikoni, katika maficho yao ya chini ya ardhi, na uchungu wa maongezi yao unatokana na jinsi Sam anavyozungumza kwa utulivu, kama mtu aliyeyapima maneno yake kwa siku nyingi. Dean ana hakika kwamba mdogo wake angefanya vivyo hivyo. Sam anajibu kwamba la, katika hali ile ile, asingefanya.

Naomba uangalie kwa makini alichokikataa. Sam hakusema kwamba hampendi kaka yake, wala kwamba asingejitia hatarini kwa ajili yake. Alikuwa hoi kitandani, amekwisha kuridhia kufa, na Dean akakubali malaika aingie katika mwili wake, tena kwa hila, kwa kuwa malaika huyo alijivika sura ya Dean ili Sam atamke ndiyo. Kisha jambo hilo likafichwa. Sam alikuwa akipoteza fahamu na kuzinduka asijue amefanya nini, naye Dean, aliyejua, akawa anamtungia visingizio. Malaika aliyejiita Ezekiel kumbe alikuwa Gadreel, na mikono iliyomuua kijana Kevin Tran, aliyekuwa akiishi chini ya ulinzi wao, ilikuwa mikono ya Sam. Mtu aliyefanyiwa hayo akisema kwamba yeye asingemfanyia mwenzake, mimi siwezi kumwita msaliti.

Hata hivyo, simlaumu Dean peke yake, na hapa ndipo ninapoipenda zaidi tamthilia hii. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1983, mjini Lawrence, Kansas, nyumba yao ikiwaka moto, baba yao John alimkabidhi Dean, mtoto wa miaka minne, kichanga cha miezi sita, akamwamuru akimbie nacho nje bila kutazama nyuma. Miaka mingi baadaye, kabla ya kufa, John alimnong'oneza wosia mzito zaidi: amwokoe Sam, na akishindwa amuue. Hakuna aliyewahi kumwambia Dean kwamba sasa anaweza kuutua mzigo huo. Ndiyo maana Sam alipouawa mwishoni mwa msimu wa pili, Dean alikwenda njia panda akaiuza roho yake kwa shetani ili mdogo wake afufuke, naye akabakiziwa mwaka mmoja tu wa kuishi, na Sam akafufuka akiwa na deni ambalo hakulikopa.

Sam naye hana mikono misafi. Katika msimu wa nne alikuwa akinywa damu ya mashetani kwa siri, akimsadiki shetani wa kike aitwaye Ruby kuliko kaka yake, na matokeo yake yalikuwa kumfungulia Lucifer. Kwa hiyo kila mmoja amewahi kumwamulia mwenzake gizani, na kwa maoni yangu ni siri hiyo iliyoula uaminifu wao kidogo kidogo, kwa sababu upendo wenyewe haukupungua hata siku moja.

Ukitaka ushahidi, endelea hadi mwisho wa msimu huo huo wa tisa. Dean amechomwa kifuani na malaika Metatron, anamwomba Sam amwache aende, na anamkumbusha kwamba yeye Sam alikwisha kusema angekubali. Sam anamjibu kwamba alidanganya. Msimu unaofuata anafanya kile kile alichokilaani jikoni: anatumia uchawi wa hatari kuiondoa Alama ya Kaini, alama ya laana iliyo mkononi mwa kaka yake, kinyume na matakwa yake na kwa kificho. Charlie, rafiki yao mpenzi, anauawa katika harakati hizo, na Giza, nguvu ya kale iliyofungiwa kwa alama hiyo, linaachiwa huru.

Ninakusihi usiishie hapo ulipo, kwa sababu jibu kamili la swali lako limo katika sehemu ya mwisho, ya 327, iliyorushwa tarehe 19 Novemba 2020. Dean amechomwa na chuma kilichotokeza kwenye nguzo ya banda, na anajua hatapona. Sam anataka kukimbilia msaada, anataka kutafuta njia, kama walivyozoea kwa miaka 15. Dean anamwomba asimrudishe, kisha anamwomba jambo ambalo hawakuwahi kuombana waziwazi namna hiyo: amwambie kwamba ni sawa. Sam analia, anakawia, na mwishowe anampa ruhusa aende. Safari hii anayekufa ndiye aliyeamua, na ndugu yake akamsikiliza.

SWALI: Dean aliitupa ile hirizi aliyopewa na Sam utotoni. Je, iliishia wapi?

JIBU: Sam aliikusudia iwe zawadi ya Krismasi kwa baba yao, lakini baba hakurudi usiku ule, naye akampa kaka yake. Katika msimu wa tano, baada ya wao wawili kuuawa kwa muda na kufika mbinguni, ambako alishuhudia kwamba kumbukumbu za furaha za Sam zilikuwa za siku alizokuwa mbali na familia, Dean aliiachia ikadondoka ndani ya pipa la taka mbele ya macho ya mdogo wake. Hatukuonyeshwa mtu yeyote akiiokota. Katika msimu wa 11, mwaka 2016, hirizi hiyo ilianza kung'aa, na ilikuwa iking'aa ndani ya mfuko wa Sam.