Jibu: Wali wa mboga wa nyumbani ni mlo wa afya?
Umeuliza kama wali wako wa mboga unakuwa mlo wa afya kwa vile umehamia mchele usiokobolewa. Mchele huo unasaidia, una nyuzinyuzi zaidi, ila mimi ningeanza na mafuta. Kijiko kimoja kikubwa kina takribani kalori 120. Ukimimina kwa kukadiria, vinne vinaingia bila wewe kujua. Pima viwili kwa sufuria ya watu wanne. Kitunguu kikianza kushika chini, ongeza maji kidogo, si mafuta.

Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, na vile vidonge vya kuongeza ladha vimejaa chumvi. Ukitia kidonge, usiongeze chumvi nyingine.

Sahani iwe nusu mboga, robo wali, robo maharage, samaki au kuku. Karoti mbili zilizokunwa kwenye kilo ya mchele ni rangi tu, hiyo si mboga.

Kiporo usikilaze sufuriani. Kuna bakteria ambao sumu yao haiharibiki hata ukipasha moto. Kitandaze kwenye sinia kipoe upesi, kiingie kwenye friji ndani ya saa moja.