Coober Pedy na watoto: msitoke kwenye lami

Dada, nimesoma kwamba mnakodi gari dogo hapa Adelaide, Australia, mnakwenda na watoto Coober Pedy, ule mji wa migodi, halafu mnakata mashariki kwenda William Creek mkaone ziwa la chumvi, Kati Thanda. Hiyo William Creek ifute kabisa.

Adelaide hadi Coober Pedy ni kilomita 846, lami mwanzo mwisho. Kutoka pale kwenda William Creek ni kama kilomita 165 za vumbi, zinapita ndani ya ranchi ya Anna Creek, mtandao wa simu hakuna. Barabara hiyo ikiwa kavu inakudanganya. Sisi ilitunyeshea mvua fupi tu, udongo mwekundu ukawa ugali, ukajaa ndani ya madigadi mpaka tairi za mbele zikagoma kuzunguka. Tulilala humo garini, maji ya mtoto tunayapima kwa kifuniko cha chupa.

Sasa sikia habari ya bima. Kijana wa kaunta pale tulipokodi alituambia, "Bima yenu ni kamili, nendeni popote." Kumbe kwenye masharti kuna mstari: gari likitoka kwenye lami, bima haipo. Gari la kutuvuta, matengenezo, siku zote gari lilizolala gereji, vyote juu yetu. Akiba ya nauli ya mama kutoka Bujumbura iliishia hapo. Nilipomrudia akasema hakumbuki. Hakumbuki nini, wakati safari yetu aliiandika kwa mkono wake! Akikwambia "popote", mwambie aandike na aweke saini.

Ziwa mnaweza kuliona kwa ndege ndogo za watalii, ulizieni mkifika.

Mji wenyewe wa Coober Pedy watoto wataupenda. Opali, jiwe la thamani linalochimbwa hapo, iligunduliwa mwaka 1915 na kijana wa miaka 14, Willie Hutchison, baba yake na wenzake wakitafuta dhahabu. Kwa lile jua watu wakachimba nyumba ndani ya vilima, na hadi leo wanaishi humo. Nje nyuzi 45, ndani kama 23. Kanisa la Waorthodoksi wa Serbia nalo limechongwa kwenye mwamba. Mashimo ya migodi yako wazi, washikeni watoto mkono na msirudi kinyumenyume mkipiga picha.

Lakini mkataba, umeshausaini? Kama bado, piga picha ukurasa wa masharti uuweke hapa leo, nikuonyeshe huo mstari ulipo.