Maswali yenu: Benki ya uwekezaji kwa asiyesoma biashara

Maswali ya mshahara nimeyaweka kando. Mtu hajapiga hodi, anauliza posho! Kwa mgeni: benki ya uwekezaji haipokei akiba, husaidia kampuni kupata mtaji kwa kuuza hisa au hatifungani (hati za mkopo), na hukadiria thamani ya kampuni zinazouzwa.

Shikamoo kaka. Nina shahada ya ualimu, hisabati na fizikia, najitolea sekondari moja hapa Masasi. Nasikia benki za uwekezaji zinataka waliosoma biashara tu.

Marahaba. Si kweli. David Solomon, bosi wa Goldman Sachs tangu 2018, alisoma sayansi ya siasa. Ila usijifariji naye sana. Benki kubwa za Marekani huchukua vijana wakiwa bado chuoni na kuwafundisha kazi. Kampuni zetu za Dar ni chache na ndogo, hakuna atakayekaa kukueleza mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, ni nini. Nenda unajua.

Anza na saruji, maana mikoa yetu inaijua. Pakua taarifa ya mwaka ya Twiga Cement, iliyoko Soko la Hisa la Dar es Salaam, na ya Dangote Cement, iliyoorodheshwa Lagos. Zote bure. Soma mtiririko wa fedha, yaani pesa taslimu zilizoingia na kutoka, kabla ya faida. Faida hupambwa kirahisi, fedha taslimu zinasumbua kuzipamba. Kisha andika kurasa mbili: ungenunua hisa za ipi, kwa bei gani, kwa nini. Mpelekee dalali wa hisa kurasa hizo. Nakala za vyeti zenye mhuri wa wakili anazo tele mezani.

Mkuu, hapa Mtwara mjini benki ya uwekezaji iko mtaa gani?

Hakuna. Na penye foleni ya kutoa pesa ni benki ya biashara, nimeshachoka kulisema hili. Wenye leseni ya kazi za hisa na hatifungani wako kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Isome ndipo uniulize.

CPA, CFA au MBA?

MBA, shahada ya uzamili ya biashara, ya kukimbia ukosefu wa ajira ni kulipa ada ili usubiri. CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, inapokea shahada ya fani yoyote, ina ngazi tatu, ada kwa dola, mtihani kwa Kiingereza. CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA, bodi yetu ya wahasibu, utaanzia chini kama hukusoma uhasibu, lakini utatoka unajua kodi na sheria za hapa. Mdogo wangu ningemwambia CPA kwanza.

Kuna mtu anataka laki tatu aniunganishe na kazi Dar.

Usitume.

Mimi karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, Newala, nina stashahada ya ushirika. Nimechelewa?

Hujachelewa, na unawazidi wengi wenye joho. Msimu wa korosho unapokea bei ya mnada, unatoa ushuru wa halmashauri, makato ya chama na gharama za ghala, unamwambia mkulima kitakachobaki kwa kilo, naye anakubishia mpaka umwoneshe mstari kwa mstari. Kuthamini kampuni kunaanzia hapo hapo, ila unahesabu miaka ijayo. Ziweke hesabu za misimu mitatu kwenye Excel. Shusha bei, uone nini kinabaki. Weka mvua iloweshe korosho, daraja la kwanza ligeuke la pili. Chama kinalipa mkopo wa pembejeo au hakilipi? Jibu hilo ndilo utakaloulizwa kwenye usaili.

Stashahada peke yake itakukwamisha, hilo sikufichi. Tafuta shahada bila kuacha kazi. Chuo Kikuu Huria kinafaa, na somo lolote lenye namba litatosha.