Maswali yenu ya Pasaka: je, mwenye imani halii?

Kwaresima ikifika ukingoni barua huwa nyingi kuliko nafasi. Safari hii nimechukua hasa zinazohusu kufiwa, maana ndizo zilizojaa.

Shikamoo Mwalimu. Tulimzika mama mwezi wa pili. Nililia sana makaburini, mzee mmoja wa kanisa akaniambia ninyamaze, kwamba kilio ni imani haba na mama yuko kwa Bwana. Neno hilo limenikaa rohoni mpaka leo. (Binti, Moshi)

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mzee wako alikosea. Soma Yohana 11. Yesu anajua anachokwenda kufanya Bethania, tena amekwisha kumwambia Martha, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Bado, alipowaona wafiwa, akalia machozi. Ikiwa yeye alilia, wewe unanyamazishwa kwa sheria gani?

Watu humnukuu Paulo nusunusu. Hakuwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Na katika 1 Wakorintho 15 anaiita mauti adui, adui wa mwisho. Hakuna anayelazimika kumchekea adui. Kusema kweli, mahubiri ya msibani yanayosifu kifo kama zawadi hunichosha. Kama kaburi lingekuwa mahali pema, Mungu asingehangaika kumtoa Mwanawe humo.

Bwana Yesu asifiwe. Baba yetu ni mgonjwa, ameandika wosia achomwe moto akifariki. Wajomba wamekataa, wanasema asiye na mwili atafufukaje? (Nairobi)

Amina. Waulize wajomba kuhusu wafia imani wa kwanza walioteketezwa, na mabaharia walioliwa na samaki. Au hao Mungu amewapoteza? Paulo alijibu swali hili kwa mfano wa mbegu: unachofukia ardhini ni chembe tupu, na mwili wa mmea hutoka kwa Mungu.

Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963, mradi mtu asifanye hivyo kwa kuukana ufufuo, na mwaka 2016 likasisitiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasimwagwe hewani. Hapo kwenu Nairobi, Askofu Mkuu mstaafu wa Anglikana, Manasses Kuria, alichomwa mwaka 2005, mkewe akiwa amemtangulia kwa njia hiyohiyo. Watu walisema sana. Profesa Wangari Maathai naye alichomwa mwaka 2011.

Mimi binafsi ningependa kuzikwa, wajukuu wapate pa kuja kupalilia. Hilo ni pendo langu tu, si sharti la imani. Ushauri: baba awaite wajomba awaambie mwenyewe angali hai. Wosia unaosomwa siku ya msiba huzaa kesi.

Kwa nini Pasaka haina tarehe moja kama Krismasi? Na jirani yangu Mworthodoksi mbona husherehekea siku nyingine? (Bukoba)

Inafuata mwezi. Ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, wakati usiku na mchana hulingana, hivyo kwetu huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Waorthodoksi wengi hupiga hesabu kwa kalenda ya kale ya Julius. Mwaka 2024 tulipishana wiki tano. Mwaka 2025 sote tulikutana Aprili 20.

Mwalimu, chuoni wenzangu wananiambia hadithi ya ufufuko ilitungwa na mitume. Niwajibu nini? (Mwanafunzi, Dodoma)

Waambie aliyeitunga alikuwa mtunzi mbovu. Shahidi wa kwanza katika Yohana ni Mariamu Magdalene, wakati ambapo ushahidi wa mwanamke ulidharauliwa. Luka anakiri kwamba mitume wenyewe waliyaona maneno ya wanawake kuwa upuuzi. Mtu anayetafuta kuaminiwa angemtanguliza Petro. Halafu Paulo, akiwaandikia Wakorintho yapata mwaka 55, anataja ndugu zaidi ya 500 waliomwona Yesu na kusema wengi wao bado wako hai.

Haya hayatamlazimisha mtu kuamini, wala usigombane nao. Yanaonyesha tu kwamba habari hii ni ya mapema, na haikupakwa rangi.

Kaka yetu alichukuliwa wakati wa vita, hatujamwona tena. Hatuna mwili wala kaburi. Pasaka kila mtu anasema "kaburi li tupu", sisi hata hilo tupu hatuna. (Goma)

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi, na sina dawa ya kukupa. Nitakusimulia yaliyotokea Kampala.

Februari 16, 1977, utawala wa Idi Amin ulimwua Askofu Mkuu wa Anglikana wa Uganda, Janani Luwum, pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwili haukutolewa kwa kanisa. Ulipelekwa kaskazini, kijijini kwake Mucwini, ukazikwa huko chini ya ulinzi wa askari. Huku Namirembe, kwenye kanisa kuu la Anglikana la Kampala, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, kando ya lile la Askofu Hannington, mmisionari aliyeuawa mwaka 1885. Jumapili ile watu walifurika kanisani, ingawa ibada ya kumkumbuka ilikuwa imekatazwa. Baada ya ibada wakalizunguka shimo lile lisilo na mtu, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akatamka maneno ya malaika: "Hayupo hapa, kwani amefufuka."

Hawakuwa wamesahau nani alimwua, wala wapi. Walikataa tu kwamba wenye bunduki ndio wenye neno la mwisho juu ya mtu wao.

Mwombeni padri au mchungaji ibada ya kumwombea kaka, jina lake litajwe lote. Msikubali kulazimishwa kutamka kwamba amekufa kama mioyo yenu haijafika hapo. Mwombeeni kwa jina tu. Alipo, Mungu anapajua. Na kama kuna ofisi inayoandikisha waliopotea, nendeni. Matumaini hayakatazi kudai ukweli.

Mimi ni nesi, nilikuwa zamu usiku wa kesha na Jumapili mchana. Pasaka imenipita? (Mbeya)

Haijakupita, dada. Pasaka ni siku 50, mpaka Pentekoste. Nenda Jumapili inayofuata: katika makanisa mengi injili ya siku hiyo ni ya Tomaso, ambaye naye hakuwapo siku ya kwanza. Na ukiwa na hamu ya pilau, pika. Hakuna aliyeweka mwisho Jumatatu.